Kabla ya Kuliuza Jiwe, Jifunze Kuling'arisha

Mtu akipita mbele ya maduka ya masonara mjini Mombasa au Nairobi huona pete na vidani vimepangwa nyuma ya kioo, na katika kila pete jiwe linameta. Aghalabu hudhani kwamba jiwe lile lilitoka ardhini likiwa vile vile. Sivyo. Jiwe lililochimbwa, hata likiwa la thamani kubwa, mara nyingi lafanana na kokoto la mtoni au kipande cha chupa kilichosuguliwa na mchanga. Kinacholigeuza likawa kito ni mkono wa mtu. Juma hili napenda tuzungumze juu ya mkono huo, na jinsi mwanafunzi awezavyo kuanza kuufundisha kazi.

Nchi yetu si maskini wa mawe. Katika sehemu za Taita na Taveta hupatikana ganeti ya kijani, ambayo mtaalamu Campbell Bridges aliiona kwanza upande wa Tanganyika ya zamani mwaka 1967, kisha akaikuta upande wetu karibu na Tsavo. Mwaka 1974 duka la Tiffany & Co. la New York likaitangaza kwa jina la tsavoraiti, kwa kuufuata mto na mbuga ya Tsavo. Huko huko, mahali paitwapo Mangare, kuna yakuti nyekundu. Kisii, katika sehemu za Tabaka, kuna jiwe la sabuni ambalo wenyeji wamelichonga vizazi vingi. Na jirani zetu wa Tanzania wana tanzanaiti ya Mirerani, ambayo haijapata kuchimbwa mahali pengine po pote duniani kwa biashara.

Lakini kuwa na jiwe ni jambo moja, na kuwa na ujuzi wa jiwe ni jambo lingine. Biashara hii ni ya kale kuliko tunavyodhani. Al-Biruni, mwanachuoni wa karne ya 11, aliandika kwamba bilauri ilichukuliwa kutoka visiwa vya Zanj ikapelekwa Basra, na huko ndiko ilikochongwa. Neno hilo bilauri, ambalo leo twalitumia kwa glasi ya kunywea maji, asili yake ni jina la jiwe lile jeupe lipitishalo nuru. Na katika karne hizo za kale shanga za akiki zilizokwisha kukatwa na kutobolewa huko Khambhat, katika Bara Hindi, zililetwa kwa majahazi na kuuzwa katika miji ya pwani yetu. Basi mawe ghafi yalitoka, na mawe yaliyong'arishwa yakaingia. Na ujira wa kuchonga ulibaki kwa wachongaji.

Mfano wa Idar-Oberstein

Uko mji mdogo katika Ujerumani uitwao Idar-Oberstein. Tangu zama za kati watu wa huko walichimba akiki katika vilima vyao na kuisugua kwa mawe makubwa ya mchanga yaliyozungushwa na maji ya mto. Fundi alilala kifudifudi juu ya kiti cha mbao, akakaza miguu yake kwenye gogo lililopigiliwa sakafuni, akalisukuma jiwe dhidi ya gurudumu kwa nguvu za mwili mzima. Kazi ilikuwa ngumu, yenye baridi na unyevu.

Katika karne ya 19 akiki ya vilima vile ilipungua mno, na watu wengi wakahama kwenda Brazil kutafuta maisha. Huko wakaikuta akiki tele. Unafikiri waliichonga huko? La. Waliipakia melini, wakaipeleka kwao, kwa kuwa mafundi walikuwa kwao. Hata leo mji ule ni mashuhuri kwa vito duniani kote, ingawa mawe mengi unayoyakata hutoka nchi za mbali, na Afrika ya Mashariki ni mojawapo. Machimbo yalikwisha, lakini ujuzi haukwisha. Hilo ndilo ningependa msomaji alishike kabla hatujaingia katika habari za msasa na maji.

Swali la mzazi

Dada yangu ana kijana aliyemaliza Kidato cha Nne, na sasa yuko Voi kwa fundi mmoja akijifunza kazi hii. Juma la tatu lilipopita, dada yangu alinijia akiwa na huzuni. Akaniambia, "Kaka, nimemsomesha mtoto miaka kumi na miwili. Nimempigia simu, naye ananiambia kwamba tangu afike anasugua jiwe moja tu, na jiwe lenyewe si la kuuzwa. Je, nimrudishe nyumbani?"

Nilimwambia asimrudishe. Sisi makarani tuna ugonjwa wetu: twadhani kwamba mkono ulioshika kalamu hauwezi tena kushika kazi yenye matope. Lakini kazi ya mawe yahitaji hesabu, yahitaji jicho, na zaidi ya yote yahitaji mtu awezaye kufuata utaratibu pasipo kuruka hatua. Hizo ndizo sifa ambazo shule ilikusudia kumpa. Na lile jiwe lisilo la kuuzwa lina maana yake, kama nitakavyoeleza.

Kuujua ugumu wa jiwe

Jambo la kwanza ambalo mwanafunzi hujifunza si kukata, bali ni kulijua jiwe. Mwaka 1812 Mjerumani Friedrich Mohs aliyapanga mawe kumi kwa ugumu wake, kila moja likiweza kulikwaruza lile lililo chini yake. La kwanza ni talki, ambayo ndiyo iliyo katika jiwe la sabuni. La 7 ni kwatzi. La 9 ni korundi, ndiyo yakuti nyekundu na ya samawati. Na la 10 ni almasi. Ukucha wa mtu ni kama 2 na nusu. Kioo cha dirisha na kisu cha kawaida ni kama 5 na nusu. Basi jiwe likikwaruzwa na kisu, ni laini. Likikikwaruza kioo, yawezekana ni kwatzi au gumu zaidi. Lakini namba hizi zaonyesha zamu tu, wala si kipimo kama cha mizani. Kati ya 9 na 10 pana pengo kubwa: almasi ni ngumu kuliko yakuti mara kadhaa.

Kwa nini tujue haya? Kwa sababu hakuna kitu kiwezacho kusugua kilicho kigumu kuliko chenyewe. Kwa kwatzi yatosha unga mweusi wa silikoni kabaidi, ambao ugumu wake wapita 9. Kwa yakuti mafundi hutumia chembe za almasi.

Sasa, mwanafunzi aanze na jiwe lipi? Walimu wengi watakuambia: anza na akiki au yaspi. Haya ni majina ambayo waliosoma Kitabu cha Ufunuo wanayajua tangu utotoni. Ni mawe ya jamii ya kwatzi, yenye ugumu upatao 7, yasiyopasuka ovyo, na bei yake ni ndogo. Tanzanaiti haimfai mwanafunzi, maana ni laini kidogo kuliko kwatzi, hupasuka kwa urahisi upande mmoja, na haipendi joto la ghafula. Wala tsavoraiti haimfai, kwa sababu kila kosa katika jiwe hilo ni fedha iliyomwagwa. Ndiyo maana yule kijana wa dada yangu anasugua jiwe lisilo na bei. Afadhali akosee hapo mara kumi kuliko mara moja katika jiwe la mtu mwingine.

Asiyekuwa na mashine kabisa anaweza kuanza na jiwe la sabuni la Kisii. Hilo huchongwa kwa kisu na tupa, husuguliwa ndani ya maji kwa msasa mnene kisha mwembamba, likakaushwa na kupakwa nta. Kwa muda wa siku moja mtu aweza kuiona kazi yote tangu mwanzo hata mwisho, na mkono wake ukajifunza ile siri ya kupanda ngazi moja moja.

Hatua za kazi

Umbo ambalo mwanafunzi huanza nalo ni la kuba: chini bapa, juu mviringo kama mgongo wa kobe. Nitaeleza kwa ufupi linavyofanywa.

Kwanza, lichague jiwe. Lilowanishe, uliinue mbele ya nuru, uligeuze pande zote. Ufa ambao hukuuona jiwe likiwa kavu utaonekana hapo. Jiwe lenye ufa liache, maana litavunjika siku utakapokuwa umekwisha kulifanyia kazi nyingi.

Pili, likate kipande chenye unene wa milimita 6 hivi. Msumeno wa kazi hii ni bamba jembamba la chuma la mviringo, ambalo ukingo wake umetiwa chembe za almasi, nalo huzunguka likilowanishwa maji au mafuta. Usilisukume jiwe kwa nguvu. Liache msumeno uule mwamba kwa kadiri yake.

Tatu, chora umbo la yai juu ya kipande hicho. Usitumie penseli ya kawaida, kwani maji yataifuta. Tumia kipande cha waya wa alumini kilichochongwa ncha. Alama yake hukaa. Mwanafunzi asichore umbo dogo la pete. Umbo la milimita 40 kwa 30 hushikika vizuri, na makosa yake yaonekana upesi.

Nne, ligandishe jiwe kwenye kijiti kwa lakiri. Makarani wanaijua lakiri ya kufungia bahasha. Hii ni ndugu yake. Jiwe nalo lipashwe moto polepole, kwa sababu lakiri ya moto haishiki jiwe baridi. Lakini ukilipasha ghafula litapasuka. Kazi ikiisha, liweke jiwe penye baridi, hata ndani ya friji kwa dakika chache, nalo litabanduka.

Tano, lipe umbo kwenye gurudumu lenye chembe nene, namba 80 au 100. Sugua kwanza ukingo mpaka ufikie mstari uliouchora. Kisha kata mshazari kuzunguka jiwe zima, halafu mshazari wa pili juu ya ule wa kwanza, ndipo uondoe pembe zilizobaki mpaka mgongo uwe mviringo. Mkono usitulie. Ukitulia mahali pamoja, papo hapo patatokea ubapa, nao ni mgumu kuuondoa.

Sita, panda ngazi za msasa: namba 220, kisha 400, kisha 600, kisha 1200. Namba hizi zafanana na habari za chekeche: matundu yakiwa mengi zaidi katika inchi moja, unga upitao ni laini zaidi. Kwa hiyo namba ikiwa kubwa, chembe ni ndogo. Msasa wa maji ambao mafundi wa magari huutumia kabla ya kupaka rangi wafaa pia, ukiwekwa juu ya kipande cha mpira kilicho laini kidogo.

Saba, ling'arishe kwa ngozi au sufi iliyoshindiliwa, pamoja na unga laini sana. Kwa kwatzi na akiki mafundi wengi hutumia oksidi ya seriamu, iliyokorogwa na maji kidogo. Ngozi ikianza kukauka na kulivuta jiwe, ndipo mng'ao utokeapo.

Maji huficha mikwaruzo

Hapa ndipo wanafunzi wengi huanguka, na ndipo pafaapo kukaa kidogo.

Jiwe likiwa na maji hung'aa. Mwanafunzi akilitazama akiwa amefika namba 220 tu, huliona zuri, akafurahi, akarukia namba 1200. Jiwe likikauka, mikwaruzo ile ya kwanza yatokea yote. Naye hudhani kwamba dawa yake ni kuzidi kung'arisha. Ataling'arisha saa nzima, na mikwaruzo itabaki pale pale, sasa ikiwa imeng'arishwa pamoja na jiwe! Unga wa mwisho hauwezi kuondoa shimo lililochimbwa na chembe ya kwanza. Hana budi kurudi nyuma mpaka ile ngazi aliyoiruka.

Kwa hiyo kanuni ni hii: kabla ya kuiacha namba moja, lifute jiwe kwa kitambaa, likauke kabisa, ulitazame kwa kioo cha kukuzia chini ya taa. Mikwaruzo yote iwe ya kadiri moja. Ukiuona hata mmoja ulio mrefu na wa kina kuliko wenzake, bado hujamaliza. Kisha nawa mikono, lioshe jiwe na kijiti chake, badili na maji. Chembe moja ya namba 80 iliyojificha chini ya ukucha yaweza kuharibu kazi ya siku mbili.

Wahenga walisema haraka haraka haina baraka, na katika kazi hii methali hiyo hudhihirika wazi mbele ya macho. Hata mashine haiukati mwendo huo. Liko pipa dogo lizungukalo kwa umeme, ambalo hutiwa kokoto, maji na unga wa kusugulia. Nalo ni zuri kwa mwanafunzi. Lakini hilo nalo hufuata ngazi zile zile, kila ngazi kama juma moja, hata kokoto zikachukua mwezi mzima. Na tope libakilo usilimwage katika bomba la maji machafu, kwani hushikamana kama saruji. Lichimbie shimo.

Vumbi lisilosamehe

Sasa nasema neno ambalo sitaki msomaji alipite mbio. Vumbi la kwatzi na akiki huua. Chembe zake ndogo zisizoonekana huingia ndani kabisa ya mapafu, hazitoki tena, na baada ya miaka mapafu hukakamaa. Ugonjwa huo huitwa silikosisi. Hauna dawa ya kuuponya, na mwenye kuwa nao hushikwa na kifua kikuu kwa urahisi zaidi kuliko watu wengine. Huko Khambhat, nilikotaja habari za shanga, mafundi wengi wa akiki wamepotea kwa ugonjwa huu, na pamoja nao watu wa nyumba zao, kwa sababu kazi ilifanyiwa nyumbani.

Kwa hiyo usikate wala usisugue jiwe likiwa kavu, hata mara moja, hata kwa dakika mbili. Maji yatiririke juu ya gurudumu wakati wote. Vaa barakoa nzuri ya kuzuia vumbi laini. Leso ya kujifunga puani haitoshi. Vaa miwani. Usifanye kazi katika chumba wanamolala watoto. Tope likikauka sakafuni hugeuka kuwa vumbi tena, basi lifute likingali bichi, wala usilifagie. Na kwa kuwa maji na umeme ni maadui, waya zote zikae juu, mbali na michirizi.

Mzazi ampelekaye kijana kwa fundi asiulize kwanza juu ya ujira. Aende akaitazame karakana. Akiona ukungu mweupe hewani na magurudumu makavu, amchukue mtoto wake, amtafutie fundi mwingine. Hilo ndilo jambo la pekee ambalo ningelikubali limrudishe nyumbani yule kijana wa dada yangu.

Baada ya kuba

Mwanafunzi akiweza kufanya kuba kumi zisizo na mkwaruzo, aweza kuanza kukata vito vyenye nyuso nyingi, kama vile vya tsavoraiti. Hapo hesabu ya shule hurudi. Kila uso hukatwa kwa pembe iliyopimwa. Katika kwatzi nyeupe, nyuso za chini zikiwa na pembe iliyo pungufu ya nyuzi 41 hivi, nuru hupenya na kutokea chini, na katikati ya jiwe huonekana kama dirisha tupu. Zikiwa nyuzi 43 hivi, nuru hugonga upande mmoja, ikagonga upande wa pili, ikarudi juu machoni pa mtazamaji. Tofauti ni nyuzi mbili tu, lakini jiwe moja limekufa na jingine li hai.

Ajue pia kwamba jiwe hupungua sana. Si ajabu kito kilichokamilika kikabaki theluthi moja au pungufu ya uzito wa jiwe ghafi. Vito hupimwa kwa karati, na karati 5 ni gramu moja. Mwenye kuuza jiwe ghafi na asijue hesabu hii hawezi kujua kama anapunjwa au anatendewa haki. Hata kama hutakata jiwe maisha yako yote, kuyajua haya kwakusaidia unapokaa na dalali.

Mahali pa kujifunzia papo. Arusha kuna Kituo cha Jemolojia kinachofundisha ukataji wa vito, na Voi serikali ilijenga kituo kwa ajili ya kuviongezea thamani. Wako pia mafundi wa mijini wapokeao wanafunzi. Na mkulima aliyeokota jiwe shambani mwake akumbuke kwamba kwa Sheria ya Madini ya mwaka 2016 madini yaliyo ardhini ni dhamana ya serikali kwa niaba ya wananchi, na kuyachimba au kuyauza kwahitaji kibali. Aende kwanza katika ofisi ya madini aulize, asije akajikuta mahakamani kwa sababu ya kokoto.

Juma lijalo, Mungu akitujalia, nitaeleza jinsi ya kulitambua jiwe la kweli na kipande cha kioo kilichotiwa rangi, kwa vyombo ambavyo kila mtu anavyo nyumbani.